Pole Haitengenezi Gari

Mgeni asiyejulikana akiligonga gari la mtu barabarani, watu hukusanyika, sauti hupaa, na kila aliyepo huwa hakimu: mkosaji alipe, tena alipe leo. Lakini mkosaji akiwa jirani, shemeji, mfanyakazi mwenza, au muumini wa kanisa moja au msikiti mmoja na mwenye gari, watu wale wale hugeuza ndimi zao. Aliyeharibiwa mali huambiwa anyamaze, astahimili, asivunje ujirani kwa ajili ya chuma. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba desturi hii ni dhuluma iliyovikwa vazi la upole. Yule unayemjua, akiharibu gari lako hali hana bima, ana wajibu mkubwa zaidi wa kukulipa kuliko mgeni, wala si mdogo.

Nitapiga mfano. Mfano wenyewe nimeutunga, lakini ni vigumu kupata kijiji ambacho hakijapata kuuona. Mama mmoja mkulima wa Kinangop ana pikapu kuukuu ya kupelekea viazi na kabichi sokoni Naivasha. Jumapili moja ameiegesha nje ya kanisa. Ibada ikiisha, jirani yake, mtu mwenye heshima zake, anatoka kwa haraka, anarudisha gari lake nyuma bila ya kutazama, na kuibamiza pikapu usoni. Taa moja inavunjika, bampa linapinda, na rejeta inatoboka. Maji yote yanamwagika chini. Jirani anashuka, anashika kichwa, anasema: "Pole sana, Mama. Ajali haina kinga. Nitaona la kufanya." Anapoulizwa habari za bima, anajibu kwamba ilikwisha miezi miwili iliyopita, naye hajapata nafasi ya kuikata upya.

Tazama basi mambo yanavyokwenda. Wiki ya kwanza mama anangoja, kwa kuwa kuuliza mapema ni kukosa adabu. Wiki ya pili anakodi gari la watu kupeleka mazao yake, na faida yote inaishia kwa mwenye gari. Wiki ya tatu anamkumbusha jirani kwa sauti ya chini, naye anaahidi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi unafika, nao unapita. Mama anakopa katika chama chake cha wanawake, anamlipa fundi, na pikapu inarudi barabarani. Muhula unapofunguliwa, karo haitoshi, na mwanawe anabaki nyumbani wakati wenzake wako darasani. Jirani hana ubaya mwingine wowote; kila Jumapili hutoa salamu nzuri. Lakini kosa lake limekwisha kulipwa, nalo limelipwa na mtoto ambaye hakushika usukani wala hakuwa na habari.

Hapo ndipo shabaha ya maneno yangu. Hasara haifi kwa kunyamaziwa. Taa iliyovunjika lazima inunuliwe nyingine, na fundi lazima apate ujira wake. Hakuna shaka kwamba mtu atalipa. Linaloulizwa ni nani. Wale wanaosema "yaishe" hawaiondoi gharama hata senti moja. Huishusha kutoka mabegani mwa aliyekosa na kumtwika asiyekosa. Kama waona fedha hizo ni kidogo, basi na azitoe aliyekosa. Kama waona ni nyingi, kwa sababu gani azitoe aliyeonewa?

Kwanza tuitazame ile methali anayojifunika nayo mkosaji. Ajali haina kinga: neno hili ni la kweli mahali pake. Lilisemwa kumfariji aliyepatwa na msiba, halikusemwa kumfungua aliyeusababisha. Mvua ya mawe ikilipiga gari lako, hiyo ni ajali isiyo na kinga. Mtu akirudi nyuma bila ya kutazama, huo ni uzembe, na kinga yake ni shingo kugeuka. Tena, hata pale ambapo kugongana hakukuepukika, maangamizi yafuatayo huepukika, nayo ndiyo kazi ya bima. Watu wengi huchanga kidogo kidogo katika mfuko mmoja, ili yule mmoja atakayefikwa asiangamie, wala asimwangamize mwenziwe. Sisi watu wa Kenya hatuhitaji mwalimu wa kutufunza hekima hiyo. Ni hekima ile ile ya chama na ya harambee, ila katika bima mchango hutangulia msiba. Asiyekata bima amekataa kuchanga. Asije basi akafanya harambee ya siri kwa mali ya jirani yake.

Sheria nayo haikunyamaza. Uingereza iliifanya bima ya magari kwa ajili ya watu wengine kuwa ya lazima kwa sheria ya mwaka 1930, na Kenya iliurithi mpango wa namna hiyo zama za ukoloni. Leo sheria yenyewe ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Humkataza mtu kutumia gari barabarani bila ya bima hiyo, na humkataza vile vile kumruhusu mtu mwingine alitumie. Kwa hiyo, anayemwazima rafiki yake gari lisilo na bima huwa mshiriki wa kosa, hata kama wakati wa safari yeye amelala kitandani kwake.

Lakini liko jambo ambalo watu wengi hawalijui. Bima inayolazimishwa na sheria hiyo ni ya kifo na majeraha ya mwili wa mtu. Haimlazimishi mwenye gari kukata bima kwa ajili ya taa, bampa au rejeta ya mwenziwe. Kampuni za bima kwa kawaida huingiza fidia ya mali katika bima ya mtu wa tatu, kwa kiasi kilichotajwa katika mkataba. Lakini hayo ni mapatano ya mkataba, si amri ya sheria. Wako wajanja ambao wakilisikia hili hulishika kama ngao: "Sheria haikunilazimisha bima ya mali, basi sidaiwi mali." Hoja hii ni mbovu tangu shina hadi kilele. Bima ni njia moja ya kulipa deni. Si chanzo cha deni. Deni huzaliwa na uzembe. Aliyekosa bima hakukosa deni. Amekosa msaidizi wa kulilipa, na sasa imempasa alilipe kwa mfuko wake mwenyewe.

Wenye huruma watauliza: je, akiwa maskini? Nami nitawajibu kwa swali. Mtu anayenunua petroli kila wiki, akabadili tairi zilipokwisha na breki zilipochakaa, alipata wapi ruhusa ya kuiona bima peke yake kuwa ni anasa? Bima ni sehemu ya gharama ya kuwa na gari, na asiyeimudu hajaimudu safari. Lakini tuseme kwamba mtu huyu kweli amefilisika. Umaskini hubadili namna ya kulipa. Haumbadili mwenye deni. Asiyeweza kutoa shilingi 30,000 kwa mara moja aweza kutoa shilingi 3,000 kwa mwezi, kwa miezi 10. Asiye na fedha kabisa huenda akawa na mbuzi, au na mikono ya kufanya kazi, au na gari lake lenyewe la kumpelekea mama mazao yake sokoni mpaka pikapu itengenee. Wazee wetu walilipana kwa mifugo na kwa siku za kazi shambani kabla shilingi haijafika nchini. Hawakuwa na fedha, lakini walijua nani anamdai nani. Dawa ya deni ni kulipa, na methali haikusema kwamba dawa hiyo hunywewa na matajiri peke yao.

Wengine watanijia na neno la msamaha. Sina ugomvi na msamaha. Ni katika mambo matukufu ambayo mwanadamu aweza kuyatenda. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Wazee watatu walioketi wakinywa chai hawana mamlaka ya kuitoa sadaka rejeta ya mama. Msamaha wa kweli hufuata deni lililokubaliwa: mkosaji akiri kosa lake, kiasi kitajwe, aanze kulipa, hapo mwenye mali akisema, "Yaliyobaki nimekuachia," ametenda tendo jema kwa hiari yake, na rafiki yake amelipokea kwa heshima. Lakini msamaha unaodaiwa kwa nguvu, kabla kosa halijakubaliwa, ni unyang'anyi. Humpokonya mtu mali yake kwanza, kisha humpokonya na haki ya kulalamika.

Husemwa pia kwamba undugu una thamani kuliko gari. Nami nakubali, na kwa sababu hiyo hiyo nasema mkosaji alipe. Undugu ni kufaana, si kufanana. Mgeni aliyelivunja gari la mama hajui kazi yake. Jirani anaijua. Anajua siku ya soko, anamjua mtoto kwa jina, anajua karo hutoka wapi. Mgeni akikataa kulipa, mama atamshtaki bila ya haya. Jirani akikataa, mama atazuiwa na haya, na jirani analijua hilo pia. Mtu anayeijua haya ya mwenziwe na kuitumia kama ukuta wa kujificha amekosa mara mbili: kosa la kwanza alilifanya kwa gari, la pili analifanya kwa moyo. Tena, nani anayevunja ujirani hapa? Si yule anayeuliza habari za deni lake. Ujirani umevunjwa na yule anayevuka barabara ili asikutane na anayemdai.

Liko shauri jingine, nalo lina sura ya busara: mwenye gari akiwa na bima kamili, adai fidia kwa kampuni yake, na rafiki aachwe kwa amani. Ni halali kudai hivyo, lakini wenye kutoa shauri hili hawajui njia yake inakotokea. Mwenye bima kamili kwa kawaida hujilipia mwenyewe sehemu ya kwanza ya hasara, na huweza kupoteza punguzo apewalo mtu ambaye hakudai chochote mwaka mzima. Sehemu hizo atazifidia nani, kama si aliyekosa? Zaidi ya hayo, kampuni ikisha kulipa, husimama mahali pa mteja wake na ina haki ya kumdai aliyesababisha hasara. Rafiki aliyedhani ameachwa kwa amani huenda akaletewa barua ya wakili. Na mwenye gari akiwa amekwisha kumwandikia rafiki kwamba amemsamehe yote, ameiharibia kampuni haki hiyo, nayo yaweza kukataa kumlipa. Hapo mwema wetu atakuwa amepoteza huku na huku.

Lakini shauri baya kupita yote ni lile linalonong'onwa. "Tusiandikishe ajali leo. Nitakata bima jioni hii, kisha tutasema tumegongana kesho." Au: "Tuseme gari lililogonga ni la kaka yangu, yeye ana bima." Kwa kuwa wawili hawa wanajuana, hila hii huonekana kama njia ya kusaidiana isiyomdhuru mtu. Jina lake la kweli ni wizi, na mbele ya sheria ni jinai. Fedha zitakazotolewa si mali ya kampuni isiyo na uso. Ni michango ya wale waliochanga kwa uaminifu. Uongo ukizidi, bei ya bima hupanda. Bei ikipanda, wengi hushindwa kuikata. Na wasio na bima wakiongezeka, akina mama wa mfano wetu nao huongezeka. Aliyegongwa akiikubali hila hii, ameacha kuwa mdai na amekuwa mshiriki. Tangu siku hiyo rafiki yake anamshika kwa siri, na urafiki unaoshikwa kwa siri ni kifungo.

Basi ifanyweje? Sisemi kwamba kila mkwaruzo upelekwe mahakamani. Nasema kila jambo liwekwe mahali pa nuru. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humwamuru dereva aliyehusika katika ajali iliyoleta madhara asimame, ataje jina lake na anwani yake. Na ikiwa kwa sababu yoyote hakuyataja hapo, aripoti katika kituo cha polisi upesi iwezekanavyo, bila ya kupita saa 24. Mtu akiwa ameumia, jambo hilo si la wawili tena: ni la hospitali na polisi, na asitokee mzee yeyote kulizima. Ikiwa kilichoumia ni chuma tu, piga picha za magari yote mawili kwa simu kabla hayajasogezwa, andika majina ya walioshuhudia, na uchukue hati ya polisi ya ajali. Kuichukua si kumfunga rafiki. Ni kuzuia maneno yasigeuke, kwa maana kumbukumbu ya mdaiwa hufupika kadiri siku zinavyorefuka.

Kisha pata makadirio ya mafundi wawili, mkosaji akiwapo, ili asije akasema kwamba umejitengenezea na kutu ya zamani. Mkipatana, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi itaje tarehe na mahali pa ajali, namba za magari, nani aliyekubali kosa, kiasi cha deni, siku ya kila sehemu ya malipo, na litakalofuata siku hizo zikipita. Watieni saini wote wawili na mashahidi wawili. Malipo yapitie simu au benki, mahali yanapoacha alama, na mdai atoe stakabadhi ya mwisho deni likiisha. Watu husema kwamba kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Mbona mahari huhesabiwa mbele ya mashahidi, na hakuna anayesema kwamba koo mbili zinachukiana? Karatasi humlinda mdaiwa pia: mdai hawezi kuongeza shilingi moja juu ya ile iliyoandikwa.

Wazee wakitaka kupatanisha, wakaribishwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro. Lakini kupatanisha maana yake ni kuipa haki njia fupi. Haikuwa maana yake kuizika. Na mapatano yakishindikana, mlango mwingine uko wazi. Sheria ya mwaka 2016 ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo, na ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na uharibifu wa mali umo ndani yake. Mdai aweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili, na sheria inataka shauri likatwe katika siku 60. Mtu asilale, lakini. Dai litokalo katika uzembe kwa kawaida hufungwa baada ya miaka 3. Dai litokalo katika mkataba lina miaka 6. Kila "mwezi ujao" anaousema mdaiwa unakula katika muda huo, na mama anayeona haya kwa miaka mitatu huenda akafika mlangoni akaukuta umefungwa.

Huenda wewe usomaye maneno haya bado huna gari, ukayaona kuwa ni ya wakubwa. Lakini umekwisha kuazima baiskeli ya mtu, au kitabu, au kalamu. Ikiwa ulikivunja kioo cha simu ya rafiki yako, nawe ukasema "pole" ukadhani yamekwisha, umekwisha kuanza masomo ya yule jirani wa kanisani. Yaache masomo hayo mapema. Siku moja utashika usukani. Kabla ya kuuwasha moto wa gari, jua bima yake inaisha lini, na ikiwa imekwisha, teremka uende kwa miguu. Na siku utakapoharibu mali ya mtu unayempenda, usimngoje aje kwako kwa aibu, wala usitume wazee wamnyamazishe. Nenda kwake wewe kwanza, na fedha ulizo nazo mkono mmoja, na kalamu mkono wa pili.